Tulisema Karibuni Wote, Wakaja Tisa

Mwaka 2018 nilirudi kwetu Usangu na mtoto wa miaka minne mgongoni. Mtoto wa umri huo hutumwa chumvi dukani akarudi na chenji, hivyo waliotuona tukishuka kwenye basi barabara kuu walituangalia, wakageuka, wakatuangalia tena. Mwanangu ana mtindio wa ubongo. Alichelewa kulia alipozaliwa, hewa haikumfika ubongoni kwa wakati, na tangu siku hiyo misuli yake haimtii. Akili yake ni nzima. Ukimsimulia hadithi anacheka kabla hujafika pale pa kuchekesha, kwa sababu ameshaona unakoelekea.

Nilidhani nimekuja kujificha kwa mama yangu. Wiki ya pili, nikienda mashineni kukoboa mpunga, nilisikia kutoka chumba cha nyuma cha nyumba moja sauti ninayoijua vizuri: ule mguno wa mtoto anayetaka kugeuzwa ubavu. Nikapiga hodi. Mama mwenye nyumba akasema hakuna mtoto ndani. Sikubishana naye. Kesho yake nilirudi na mwanangu, nikaomba kukaa kibarazani, nikamlisha uji hapo hapo. Yule mama alitazama mpaka bakuli likaisha. Kisha akaingia ndani, akatoka na binti wa miaka saba amembeba kama kichanga.

Alikuwa akimlisha amelala chali, kama alivyozoea tangu alipokuwa mchanga, na kila masika mtoto aliugua kifua. Nilimwonyesha: mgongo uegemee, kidevu kiinamishwe kidogo, kijiko kiwe kidogo, na usiongeze kingine kabla hajameza. Chakula kikipotea njia kikaingia mapafuni huleta nimonia, na kumkalisha wima kunapunguza hatari hiyo. Nilifundishwa haya kliniki, mwanangu akiwa na mwaka mmoja na nusu. Yule mama alikuwa ameishi miaka saba bila mtu wa kumwambia, mwendo wa dakika kumi kutoka barabara kuu ya TANZAM.

Tulipokuwa wawili tukatafuta wa tatu. Mwisho wa mwaka tulikuwa kina mama watano, na tukaanza kusema kijiji kinahitaji mahali pa familia kukutana na watoto wao.

Nieleze kidogo kijiji chenyewe. Kiko wilaya ya Mbarali, upande wa Igurusi, pale milima inapoishia na bonde linapoanza kutandaa. Wenyeji ni Wasangu, lakini mpunga umeita watu kutoka kila upande: Wahehe na Wabena kutoka Iringa na Njombe, Wanyakyusa, Wasafwa, Wakinga wenye maduka, Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao, Wamasai. Kuna Wamoravian, Walutheri, Wakatoliki, Wasabato, Waislamu na wasio na dini ya kuandikisha. Na ukiingia ndani ya nyumba, familia hazifanani. Yupo bibi wa Kibena aliyeteremka kutoka Njombe na wajukuu wanne baada ya kuzika watoto wake wawili. Njombe na Iringa ndiyo mikoa ambayo tafiti za kitaifa zimeikuta na kiwango kikubwa zaidi cha maambukizi ya VVU nchini, zaidi ya asilimia 11 ya watu wazima, kwa hiyo mabibi wa namna hiyo si wachache nyanda za juu. Yupo mzee wa Kisukuma mwenye wake watatu na ua mmoja. Yupo baba mjane mwenye mabinti watatu. Wapo wasichana waliozaa wakiwa shuleni na wanaolea wakiwa bado kwa wazazi wao. Yupo mvulana mwenye ualbino ambaye hadi akiwa na miaka sita majirani wengi hawakuwahi kumwona mchana.

Serikali ya kijiji ilikuwa na ghala la zamani la ushirika, mabati yamepinda, ndani popo na magunia yaliyooza. Tuliliomba. Tukalifagia siku nne, tukapaka chokaa, tukaazima mikeka. Tukamwomba mgambo apite na spika: Jumamosi, saa nne asubuhi, familia zote zenye watoto, karibuni wote.

Walikuja watu tisa. Wote walikuwa wa kitongoji chetu, na saba kati yao tulikuwa tunasali kanisa moja.

Nililia siku ile, na nilimlalamikia bibi wa Kibena niliyemkuta njiani akitoka kutafuta kuni. Nikamwambia bibi, tumeita kijiji kizima. Akatua mzigo wake, akaniambia, "Mwanangu, umeita wote, hukumwita mtu." Akanishauri niende nyumba kwa nyumba, na nisiulize kwa nini hamkuja, maana swali hilo litanipatia udhuru tu. Niulize: ukitaka kuja, nini kitakuzuia?

Sijawahi kupewa ushauri uliofanya kazi kubwa kuliko huo. Tulitembea karibu mwezi mzima na swali hilo moja, na majibu hayakufanana hata kidogo.

Wasabato waliniambia Jumamosi ni Sabato. Nilikuwa nalijua hilo tangu utotoni na bado nilipanga Jumamosi. Jumapili ni ya makanisa mengine, Ijumaa mchana ni ya msikiti, na siku ya mnada hakuna mtu nyumbani. Ikabaki Alhamisi. Lakini Alhamisi asubuhi ilimfungia mlango mama wa yule mvulana mwenye ualbino, kwa sababu jua la Usangu la saa tano linamuunguza mtoto yule kama maji ya moto. Tukasogeza hadi saa kumi jioni, kivuli cha miembe kikiwa kimelala upande wa mlangoni. Nilifurahi kwa kuona tumemaliza, ila mama yake akasema jua ni nusu tu ya jambo. Nusu ya pili ni kwamba anaogopa watu. Mauaji ya watu wenye ualbino yaliyosikika sana nchini kuanzia miaka ya 2006 hadi 2008 hayajatoka moyoni mwa mzazi yeyote mwenye mtoto kama huyo, na kumwambia "hapa kwetu hakuna mambo hayo" ni kumdharau. Hakuhitaji maneno. Alihitaji mtu wa kumsindikiza kwenda na kurudi, mtu yule yule kila wiki, anayemjua. Mama yangu mzazi aliichukua kazi hiyo, akaifanya hadi miguu ilipomchoka, akampokeza mwingine. Baadaye mvulana alipata kofia pana na mafuta ya Kilisun, yale ya kukinga jua yanayotengenezwa hospitali ya KCMC Moshi kwa ajili ya ngozi kama yake. Tukakubaliana pia ndani ya ghala lile atasemwa kama mtu mwenye ualbino na jina lake kwanza. Majina mengine tuliyozoea yaachwe nje. Wazee walisahau mara nyingi. Watoto hawakusahau.

Sakafu ya ghala imeinuliwa sentimita arobaini hivi, ili maji na panya wasiufikie mzigo. Kwa gunia ni jambo jema. Kwa kiti cha magurudumu ni ukuta. Fundi wetu, mtu mwema aliyekataa malipo, alitujengea mteremko wa zege wa mita moja na nusu. Ulikuwa mkali. Siku ya kwanza niliposukuma kiti cha mwanangu kupanda, kikaelemea nyuma, na kama si mtu aliyekuwa nyuma yangu tungeanguka wote. Nilipompeleka mtoto kliniki nikamuuliza mtaalamu wa viungo, akanipa kipimo ambacho natamani kila fundi wa kijijini angekijua: kila sentimita moja ya kimo inataka sentimita kumi na mbili za urefu. Kwa sentimita arobaini ni karibu mita tano. Tuliuvunja ule wa kwanza tukaanza upya, na tofali tulizotumia tulizichoma wenyewe kwa maganda ya mpunga kutoka mashineni. Kilichonishangaza ni nani wengine walioutumia. Mabibi waliacha ngazi kabisa. Mama mwenye mimba ya miezi minane, mtoto anayeendesha baiskeli ya baba yake, mzee aliyevunjika nyonga, wote wanapita hapo. Ngazi ziko bado, zimeota majani.

Jambo la daftari liliniuma zaidi, kwa kuwa kosa lilikuwa langu mwenyewe. Nilikuwa nimechora safu: jina la mtoto, umri, jina la baba, mkuu wa kaya. Msichana mmoja mwenye mtoto wa miezi minane alifika mlangoni, akaangalia daftari, akasema amesahau maziwa nyumbani. Hakurudi miezi mitatu. Nilipomfuata aliniambia, akitazama chini, "Dada, kule mwanzoni mnaandika baba." Tangu siku ile safu ni mbili tu: mtoto, na anayemlea. Mabibi, wajomba, wake wenza, dada wakubwa, wote wanaingia humo bila kujieleza. Na huyo msichana amerudi shuleni. Tangu Novemba 2021 serikali ilipotangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo kwa kujifungua wanaweza kurudi kwenye mfumo rasmi, bibi wa Kibena alimshika mkono mpaka ofisi ya mwalimu mkuu. Mtoto wake anashinda na wajukuu wa bibi.

Kwa wake wa yule mzee wa Kisukuma daftari lilikuwa na maana nyingine kabisa. Mke mkubwa aliniambia kwa upole, kupitia kwa mwanawe anayejua Kiswahili vizuri, kwamba wao wakiona mtu anaandika majina wanauliza ng'ombe watahamishwa lini. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa bonde la Usangu na Ihefu ili kunusuru maji ya Mto Ruaha Mkuu, na familia nyingi zilihamia kusini hadi Lindi na mifugo yao. Katika ua huo kuna ndugu waliokwenda wasionekane tena. Nilikuwa mtu mzima wakati ule, nikisikia habari hizo redioni, na sikuwahi kufikiria kwamba siku moja kalamu yangu ingewatisha watu. Tukakubaliana familia hiyo haitaandikwa mpaka itakapotaka wenyewe. Ilipita miaka miwili. Siku moja mke wa tatu akachukua kalamu akaandika watoto wake sita, kwa herufi kubwa kubwa, na hakuna aliyesema neno.

Nilijifunza pia kusema "Mwangaluka." Ni salamu ya asubuhi ya Kisukuma, na jioni ni "Mwadila." Bibi wa Kisangu anayekaa karibu na mlango aliendelea na "Kamwene" yake, na sasa watoto wanapoingia wanasalimia kwa zote, wakipita mstari mzima. Nilikuwa nikiamini Kiswahili kinatosha kwa sababu ni cha wote. Kinatosha kwa tangazo. Mtu aliyekuwa akitazamwa kama mgeni kwa miaka ishirini anapoamkiwa kwa lugha ya mama yake, mabega yanashuka. Nimeyaona yakishuka.

Chakula nitakisema kwa kifupi. Mwezi wa kwanza tulipika kwenye sufuria la kuazima. Mama mmoja Mwislamu na wanawe walikuwa wakisema wameshiba, kila wiki wameshiba, nasi tukawaamini. Mwanawe mdogo ndiye aliyeniuliza kama sufuria hilo ndilo linalopikiwa kitimoto kwenye sherehe. Lilikuwa ndilo. Tulichanga tukanunua masufuria mawili mapya yasiyotoka ghalani, na tunapika makande au uji tu, nyama haiingii. Hakuna aliyelalamika kukosa nyama.

Michango ilitaka kutuvunja. Tuliafikiana kila kaya ilete sado moja ya mpunga baada ya mavuno, na mweka hazina wetu, kwa nia njema, akaandika kwenye ubao ukutani nani ameleta. Ndani ya wiki mbili familia nne ziliacha kuja, zote zile ambazo shamba lao lilikauka. Ubao tukaufuta. Sasa kuna gunia lililofunguliwa pembeni, nyuma ya mlango; unamimina ulichonacho, au humimini. Halijawahi kutosha kabisa, na halijawahi kuwa tupu.

Baba mjane nilimwona mara nyingi akipita na baiskeli, anapunguza mwendo, anaendelea. Swali letu la nyumba kwa nyumba alilijibu kwamba hana kizuizi, ana kazi nyingi. Alhamisi moja alisimama. Akasema, "Mama, nina jambo la aibu kidogo." Binti yake mkubwa alikuwa na miaka kumi na mbili, na asubuhi ile alikuwa amekataa kutoka chumbani. Baba alishaelewa ni nini. Hakuwa na dada, wala mama, wala shangazi wa kumpeleka, na jirani aliyemwomba alimcheka. Mama wa Kinyakyusa aliyekuwa akimenya ndizi alinawa mikono, akavaa kandambili, akaondoka naye pale pale. Wiki iliyofuata mabinti wote watatu walikuja na baba yao. Alipoanza kuja yeye, wakaja na wanaume wengine wawili. Nilikuwa nimewaandalia kina baba mada za malezi, na hakuna aliyezihitaji. Walihitaji kuona mwanaume mwenzao ameketi mkekani na hakuna anayemcheka.

Mwaka wa pili, Aprili, ghala likawa tupu kabisa. Mimi nilidhani tumegombanisha watu tena. Mama yangu akanionyesha bondeni: mpunga umeanza kukomaa, na kwelea kwelea wanashuka kama wingu. Kuanzia alfajiri hadi jua kuzama watoto na mabibi wako mashambani kuamia ndege. Bibi wa Kibena alikuwa na jaruba mbili za kukodi, na akiacha siku moja wajukuu watalala njaa. Kumwambia aje ghalani lilikuwa jambo lisilo na maana. Kwa hiyo tulibeba sufuria na mikeka tukaenda ukingoni mwa mashamba, chini ya mti mmoja mkubwa, na wakubwa wakapokezana kupiga madebe na kurusha udongo ili watoto wakae nusu saa wale na wacheze. Tunafanya hivyo kila mwaka hadi mavuno. Mwanangu anapenda msimu huo kuliko mwingine, kwa kuwa kupiga debe anaweza. Mkono wake wa kulia unarukaruka bila kutumwa, na kwenye debe huo ni ufundi.

Upinzani haukukosekana. Mwaka 2021 mtu mmoja alisimama kwenye mkutano mkuu wa kijiji akasema ghala ni mali ya wenyeji, lijazwe mpunga wa wenyeji, na waliokuja juzi na ng'ombe wakajenge lao. Wengine walipiga makofi. Nilitetemeka. Mwenyekiti akawakumbusha kwamba kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, mjumbe wa mkutano mkuu ni kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18, na sheria haiulizi babu yake alizikwa wapi. Lakini nadhani kilichogeuza kikao ni mzee wa Kisangu na mzee wa Kihehe waliozoea kutaniana pale ghalani kuhusu watawala wao wa zamani, Merere wa Wasangu na Mkwawa wa Wahehe, nani alimkimbiza nani karne ya 19. Mzee wa Kisangu alisimama akamwonyesha mwenzake kwa mkongojo. "Baba zetu walichomeana vijiji," akasema, "na huyu juzi kanisaidia kumbeba mjukuu wangu kwenda zahanati." Akakaa. Mkutano ukapiga kura kwa mikono, tukapewa ghala kwa maandishi.

Leo Alhamisi ya kawaida tunakuwa kati ya arobaini na sitini. Yule binti wa chumba cha nyuma ana kiti cha kona, kile kinachoushika mgongo pande zote mbili, alichochongewa na fundi, na anakaa mstari wa mbele wakati wa hadithi. Hajaugua kifua masika mawili yaliyopita.

Familia za Kisukuma hatunazo kuanzia Desemba hadi Aprili. Mto unaotutenga nao unajaa, kivuko ni magogo mawili, na hakuna mama mwenye mtoto mgongoni anayepaswa kujaribu. Miaka mitatu tuliwaambia tutaonana maji yakipungua. Mwezi uliopita mke mkubwa wa yule mzee alinisimamisha mlangoni akaniuliza, kwa Kiswahili chake mwenyewe, "Dada, ninyi mkitaka kuja kwetu, nini kitawazuia?"

Amesema ng'ambo kuna mkwaju wenye kivuli kizuri karibu na zizi. Wiki ijayo tunavuka, mimi na bibi wa Kibena na fundi, tukaupime.